Mshipa wa Kulia wa Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na paa limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu kabisa ya kochi. Mwaka jana kochi lilikuwa kochi. Mwaka huu ni kitanda cha baba mkwe.

Yupo kwetu tangu Januari. Kwake ni ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti, na siku hizi akipanda ngazi kifua kinambana kabla hajafika ya pili. Basi mume wangu akamleta hapa "kwa wiki mbili tatu", na mimi nikasema karibu baba, nikatandika shuka jipya. Sikuwa naigiza. Ila wiki mbili tatu za mume wangu nazijua.

Maisha yake yote baba alikuwa mnadi sokoni. Watu bado wanamwita Kengele. Kazi ameiacha, sauti hajaiacha. Anaamka nayo, anakula nayo, anaoga nayo. Binti yetu wa darasa la pili anampenda kupita kiasi. Mimi nikirudi kazini ninachotaka ni kukaa kimya sebuleni kwangu, miguu juu ya stuli, na sebule sina. Nimeandika, basi. Hapa hakuna wa kunisuta.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Nimekuta kikombe cha chai juu ya televisheni, kimeacha duara. Nimemgombeza baba mbele ya mwanawe. Amelitazama duara, akasema, "Lakini limekaa sawa, halina kona." Hana dogo.

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimempeleka kliniki ya moyo. Mume wangu ni fundi wa majokofu, na kila zikija habari za moyo wa baba yake, majokofu ya mji mzima huharibika. Kwa hiyo nilikwenda mimi.

Daktari wa moyo ni mama mmoja mfupi anayevaa raba, na hapendi kuzunguka mbuyu. Alivuta kiti akakaa magoti kwa magoti na baba.

"Mzee, mshipa wako wa kulia umeziba kabisa, na si jana wala juzi. Umeziba miaka. Mwaka jana tuliingiza waya kupitia mkononi tukajaribu kupenya, tukashindwa. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Mlikuwa mnaongea habari za mpira."

"Tulikuwa tunaongea habari za mshipa wako. Mpira ulikuja baadaye, tulipokata tamaa."

Baba alicheka mpaka akashika kifua. Daktari akamngoja atulie, kisha akaeleza. Ile dawa wanayoimwaga mshipani ili ing'ae kwenye picha haipiti palipoziba. Wanaona njia inapokatikia, wanaona inapotokea ng'ambo, katikati ni giza tupu. Picha ya CT, ile ya mashine inayopiga mwili kipande kwa kipande kwa miale, inaona hata ukuta wa mshipa wenyewe. Itawaonyesha pameziba urefu gani, pamepinda wapi, pana chokaa kiasi gani, na kama nyama ya moyo ya upande ule bado hai au imekufa.

"Njia ikiwa nzuri tutaingia tena," alisema. "Ikiwa mbaya hatuingii, maana tukitoboa ukuta humo ndani tunaweza kukupoteza palepale mezani."

"Na mkifungua, nitapanda ngazi zangu?"

"Utapanda."

Hakusikia kingine baada ya hapo. Njia nzima alinieleza nyumba yake kana kwamba sijawahi kufika. Kuna dirisha linaloona mabati ya soko. Kuna jiko ambalo mama mkwe alilipaka rangi mwenyewe mwaka mmoja kabla hajafariki. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Na mimi nilikuwa nikipiga hesabu zangu: mshipa ukifunguka, baba anapanda kwake, na mimi napata sebule.

Jumamosi, 14 Machi

Picha ni Jumanne. Kazi yangu ndiyo hiyohiyo, kwenye mashine ya CT, lakini pale kazini kuna desturi kwamba hatumpigi picha ndugu. Siku hiyo nitakuwa chumba cha picha za mifupa.

"Kwa hiyo hutakuwepo?" baba aliuliza.

Nikaona nimwambie asije akashtuka. Mashine yetu ilipoletwa ilikuwa ikiwaamrisha wagonjwa kwa lugha ya huko ilikotengenezwa. Mtu anaambiwa ashikilie pumzi, yeye anageuza shingo kumtafuta anayeongea. Msimamizi wetu akanichagua mimi nirekodi maneno upya. "Vuta pumzi. Shikilia. Haya, pumua." Tangu hapo kila anayelala mle ananisikia, hata kama niko likizo.

"Basi hata usipokuwepo utakuwepo," alisema baba. Alifurahi kweli. Alimwita mjukuu wake amweleze kwamba mama yake anakaa ndani ya mashine.

Jumanne, 17 Machi

Nimekasirika.

Asubuhi nilimkabidhi mlangoni. Alimeza kidonge cha kupunguza mwendo wa moyo, akasubiri, mapigo yakashuka vizuri. Akapewa na kile cha chini ya ulimi, cha kupanua mishipa. Nikaenda kwenye mifupa yangu. Kabla ya chakula cha mchana Msimamizi akaja kunivuta mkono.

"Njoo uone."

Mashine yetu si ya kisasa sana. Haiukamati moyo wote kwa mpigo mmoja. Inachukua kipande, inangoja mpigo, inachukua kingine, halafu inaviunganisha. Mtu akitikisa kifua katikati, vipande havikutani. Picha ya baba ilikuwa imekatika hivyo: mshipa upande huu uko juu, upande ule umeshuka chini. Na palipokatika ni palepale palipoziba. Sehemu nyingine zote unaona mpaka basi.

"Moyo ulitulia kama wa mtoto aliyelala," Msimamizi alisema. "Ni kifua hiki. Alifanya nini huyu mzee?"

Nilimuuliza nyumbani, hata viatu sijavua.

"Baba, ulishikilia pumzi?"

"Nilishikilia."

"Mwanzo mpaka mwisho?"

"Mwanzo mpaka mwisho. Nilikuitikia tu."

"Ulifanya nini?"

"Uliposema shikilia, nikasema, 'Sawa, mwanangu.' Sasa unaniongelesha, nikunyamazie?"

Sawa, mwanangu. Nilikuwa nimechoka, nimelowa, na damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia, "Hivi baba huwezi kunyamaza hata mara moja tu maishani mwako? Dawa imepita kwenye figo zako bure, watu wamefanya kazi bure, picha imeharibika kwa sababu ya mdomo wako!"

Mjukuu wake alikuwa amekaa pale chini na daftari la hesabu. Mume wangu aliniangalia kama mtu asiyenijua.

Baba hakucheka. Alisema taratibu, "Sokoni sauti isiyojibiwa ni mteja aliyekwenda zake. Nimezoea vibaya." Kisha akajilaza, akageukia ukutani.

Bado nimekasirika. Ila sijui tena ni nani niliyemkasirikia.

Ijumaa, 20 Machi

Vipimo vya figo vimerudi. Ile dawa ya picha imezichosha. Daktari amesema tusubiri, anywe maji mengi, zikitulia tutarudia mwezi ujao. Baba amesikiliza, ameitikia kwa kichwa, hajauliza kitu.

Jumapili, 22 Machi

Mvua kutwa. Baba kimya.

Jumanne, 24 Machi

Mvua. Kimya.

Ijumaa, 27 Machi

Nimempa chai, akasema asante. Nikasimama nikingoja kinachofuata. Hakikufuata kitu.

Jumatano, 1 Aprili

Nimepata nilichokitaka. Sebule ni kimya kama maji ya mtungini. Leo nimekaa na miguu yangu juu ya stuli, nasikia tone la paa likiingia ndooni, na sikuweza kukaa hata kidogo. Nikainuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mume wangu alinifuata jikoni. "Umefurahi?" akaniuliza.

Nikaendelea kusugua sahani. Yeye mwenyewe hajawahi kumpeleka baba yake kliniki hata siku moja, lakini neno lake moja linanichoma mpaka sasa.

Jumamosi, 4 Aprili

Nilitoka kuanika nguo kibarazani maana jua lilichomoza kidogo. Niliporudi niliwakuta baba na mjukuu wake sebuleni. Baba amelala chali kwenye kochi, mikono ameinua juu ya kichwa, macho amefumba. Ndivyo wagonjwa wetu wanavyolala. Mtoto amesimama nyuma ya mto, anaongea kwa sauti ya puani:

"Vuta pumzi. Shikilia."

Baba hakutikisika. Mtoto akamtekenya kwapani. Baba hakutikisika. Akamwambia, "Babu, nyumba inaungua." Kimya. Akamwita kwa jina la sokoni, "Kengele, hili shati mnauza?" Niliona midomo yake ikicheza, akaibana.

"Haya, pumua."

Kumbe ule ukimya wa siku zote hizi haukuwa hasira. Alikuwa anafanya mazoezi.

Nilirudi kibarazani nikalia, nguo nilizobakiza kuanika zikanilowa mkononi. Nilipaswa kuingia na kumwomba radhi palepale. Sikuingia.

Alhamisi, 9 Aprili

Upepo na mvua tangu jana bila kupumzika. Leo nimeona nilichokuwa nikikiogopa.

Mume wangu alinipigia simu mchana. Alipita nyumbani kuchukua spana, akakuta kochi tupu. Viatu vya baba havipo. Mwavuli upo. Sikuhitaji kufikiri. Nikamwambia, "Nenda kwake. Kimbia." Na mimi nikaacha mgonjwa mikononi mwa Msimamizi, nikatoka na sare yangu.

Pale chini ya jengo kuna mama mshonaji mwenye kibanda chake. Aliponiona tu akanyoosha kidole juu. Nilipanda ngazi mbilimbili. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu nikawakuta.

Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi, maji yanamchuruzika, uso wa kijivu, jasho limechanganyika na mvua. Mume wangu alikuwa ameketi ngazi ya nyuma yake, amemkumbatia kwa nyuma kama unavyompakata mtoto, na alikuwa akilia. Kwa sauti. Mtu ambaye hata mama yake alipozikwa alisimama macho makavu, akipokea watu na kuwaonyesha viti. Alikuwa ameshampa kidonge cha chini ya ulimi. Mkono mmoja ulikuwa umeshika kichupa bado.

Siku zote nilimwona mwoga anayejificha nyuma ya majokofu. Leo nimejua anachokificha ni hiki, na kumbe nilikuwa namdai kitu ambacho kingemvunja.

Nilimpima baba mapigo. Nikamwambia asiongee. Akaongea.

"Dirisha la jikoni. Upepo wa upande ule unaingiza mvua. Rangi ya mama yenu itabanduka."

"Tulia, baba."

"Nimefika karibu, ujue."

Majirani walileta kiti, wanaume wanne wakambeba juu yake mpaka chini, na gari la hospitali likaja. Mume wangu alipanda naye; mimi nikamwomba funguo, nikakimbia mpaka ghorofa ya nne. Nina miaka thelathini na saba, na hata mimi nilifika nikihema.

Dirisha la jikoni lilikuwa limefungwa. Lilikuwa limefungwa vizuri, kavu, na komeo lake. Rangi ni ya manjano, imepakwa vibaya karibu na dari pale ambapo mama mkwe hakufikia vizuri. Mlangoni kandambili zake bado ziko pale, zimeelekezwa nje, kama mtu anayetaka kutoka kidogo tu arudi. Nilisimama nikazitazama. Mimi nilidhani mzee analilia ghorofa.

Ijumaa, 10 Aprili

Amelazwa. Hali imetulia. Daktari anasema moyo haukuumia zaidi, bahati yake. Figo nazo zimetulia, kwa hiyo wakimaliza kumtuliza picha itarudiwa.

Nilikwenda wodini saa ya kutazama wagonjwa. Nikavuta kiti.

"Baba, yale maneno yangu ya siku ile. Naomba unisamehe."

"Yalikuwa ya kweli."

"Hata kama."

Alichezea ukingo wa shuka. Kisha akasema kitu ambacho sitakisahau.

"Siogopi mshipa, mwanangu. Umeziba, umeziba. Ninachoogopa ni kwamba labda njia ilikuwepo, daktari angeiona, na mimi nikaifunika kwa mdomo wangu. Nikifa na hilo nitakufa vibaya."

Nikamwambia picha itarudiwa, njia kama ipo itaonekana. Akanishika mkono. Hajawahi kunishika mkono tangu niolewe.

Jumatano, 15 Aprili

Baba yuko nyumbani. Mvua imepungua makali. Nimesogeza kochi, sasa tone linaangukia zulia.

Jumanne, 21 Aprili

Picha imerudiwa leo.

Msimamizi ndiye aliyeendesha. Mimi nilisimama nyuma ya kiti chake, upande wa kioo, mikono nimeikunja nisiguse kitu. Niliwahi kumwambia nitakaa chumba cha mifupa, akasema, "Utavunja mifupa ya watu. Kaa hapa." Baba alilala, mikono juu ya kichwa. Mapigo hamsini na nane. Dawa ikaingia, ile inayompa mtu joto mwili mzima mpaka adhani amejikojolea. Kisha sauti yangu ikatoka kwenye mashine, tulivu, kama ya mtu asiyemjua aliyelala pale.

Vuta pumzi. Shikilia.

Niliangalia midomo yake. Haikucheza. Kifua kilikaa kama kimepigwa msumari. Nilijikuta na mimi nimeshikilia pumzi, na Msimamizi pia.

Haya, pumua.

Picha ikapanda kwenye skrini kipande kwa kipande. Safi. Hakuna palipokatika. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona moyo uliopigwa picha vizuri hivi. Msimamizi akaugeuza taratibu, akaukunjua mshipa wa kulia kutoka mwanzo hadi mwisho. Na hapo nikaona.

Kusoma picha ni kazi ya daktari, si yangu. Lakini mtu huwezi kukaa mbele ya skrini hii miaka kumi na moja ukabaki hujui. Pameziba parefu. Pamepinda mara mbili humo ndani. Na chokaa imejaa, nyeupe pe, ngumu kama mfupa, tangu mdomo wa mshipa mpaka mbali. Kule ng'ambo unakotokea tena ni kama uzi. Ukuta wa moyo upande wa chini umekuwa mwembamba; pale pana kovu, si nyama. Hakuna waya utakaopita pale. Na hata ungepita, hakuna cha kwenda kukilisha.

Msimamizi aliweka mkono begani kwangu, akauacha pale kidogo.

Niliingia kumtoa sindano. Alikuwa ameshajiinua kwa kiwiko.

"Nimenyamaza?"

"Umenyamaza, baba."

"Picha imetoka?"

"Imetoka vizuri sana."

Akarusha mikono yote miwili juu kama aliyefunga goli.

Jumatano, 22 Aprili

Daktari wa moyo yuko safarini. Majibu ni tarehe nne. Ni yeye tu mwenye haki ya kumwambia mgonjwa, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Nimekula kiapo cha kazi hii na sijawahi kukivunja.

Mume wangu aliniuliza, "Umeona nini?"

"Mimi napiga tu, sisomi."

Aliniangalia. Alijua nadanganya, na hakunisukuma.

Jumamosi, 25 Aprili

Kengele amerudi kulia. Anaongea tangu asubuhi. Anataka rangi ya manjano kwa ajili ya jiko lake, kopo moja tu, atapaka mwenyewe kule karibu na dari. Anamwambia mjukuu wake kwamba atakuja kulala kwake wikendi, wataangalia soko kutoka dirishani. Mimi nasonga ugali nimewapa mgongo.

Jumanne, 28 Aprili

Mvua. Nimemnunulia mto laini. Nimemhamishia kochi chumba cha mtoto ambako hakuvuji, mtoto analala nasi. Nimekuta vikombe viwili juu ya televisheni. Nimeviosha.

Ijumaa, 1 Mei

Amenieleza jinsi atakavyopanga ngazi zake: apumzike ya pili, asalimie watu wa ya tatu, halafu moja kwa moja. Nikasema vizuri, baba. Nimejikaza kisabuni mpaka nimeingia bafuni.

Jumatatu, 4 Mei

Tulikwenda sote watatu. Mume wangu aliacha majokofu. Alivaa shati lililopigwa pasi.

Daktari aligeuza skrini baba aione. Alimwonyesha taratibu, kwa ncha ya kalamu, na hakuficha kitu. "Hapa ndipo mshipa unapoanzia. Hapa umeziba. Unaona huu weupe? Hii yote ni chokaa. Hapa umepinda, na hapa tena. Nikipitisha waya wangu humu utatoka nje ya mshipa, na wewe utakufa mikononi mwangu. Na hii nyama ya hapa chini, mzee, ilikwisha kufa zamani. Nikifungua, siifufui. Hii hapa juu ndiyo hai, na inalishwa na vimishipa hivi vidogo vilivyotoka upande wa kushoto vikavuka vyenyewe. Hivyo ndivyo vinavyokuweka mjini. Sitaingia. Nitabadilisha dawa. Utaishi, Mungu akipenda, lakini ngazi basi."

Mume wangu alisimama akatoka. Nikasikia hatua zake kwenye korido, zinakwenda. Kisha zikasimama. Kisha zikarudi. Akaingia, akakaa, akamshika baba yake goti.

Baba alikuwa bado anaitazama skrini.

"Daktari, nikuulize. Ile picha ya kwanza. Ile niliyoiharibu. Ningenyamaza siku ile..."

"Ungepata jibu hilihili."

"Njia haikuwepo?"

"Haikuwepo. Hata mwaka jana haikuwepo, ndiyo maana tulishindwa. Tungekuwa na picha kama hii tusingejaribu kabisa."

Alifumba macho. Alitoa pumzi ndefu, ndefu sana, mpaka nikaogopa.

"Basi si mdomo wangu," alisema.

"Si mdomo wako, mzee."

Akamshukuru daktari kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa alichokuja kukitafuta. Mimi ndiye niliyelia. Daktari alinisogezea boksi la karatasi laini bila kunitazama.

Jumanne, 5 Mei

Mvua nyembamba. Jioni nilikaa naye, mtoto akiwa kwa majirani. Nikaona nimtapikie yote.

"Baba, mimi nilijua tangu siku ile ya picha. Niliona."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Uliniletea mto. Nikajiambia, aa, mto tu. Nikaacha kikombe juu ya televisheni, nikangoja. Hukusema kitu. Nikaacha cha pili, hapo pembeni yake. Ukavichukua vyote viwili ukaenda kuviosha." Alitikisa kichwa. "Hapo nikajua mshipa wangu umekwisha."

Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, kitu ambacho hakipendezi kumwona mtu akikifanya.

"Sasa mbona uliendelea na habari za rangi ya jikoni?"

"Ulikuwa umebeba mzigo usioruhusiwa kuutua. Ningekaa kimya tena ungesema bado nina kinyongo nawe. Nikaona bora niongee."

Siku zote zile nilidhani mimi ndiye ninayemwigizia.

Nikamwambia abaki. Si wiki mbili tatu. Abaki, tuhamishe vitu vyake vyote, kandambili za mama na kila kitu. Nilisema kwa moyo wangu wote na nashangaa ulitoka wapi.

"Mimi ni mgeni hapa, mwanangu," akasema. "Mgeni mgonjwa. Unanibembeleza, unaniwekea mto, unasema vizuri baba, vizuri baba. Sitaki kuishi miaka iliyobaki nikiwa mgeni. Ngoja nifikiri. Labda nitapata chumba cha chini mahali."

Jumatatu, 11 Mei

Bado anafikiri. Amenikatiza mara mbili nilipogusia. Mvua imekatika tangu juzi.

Jumapili, 17 Mei

Jua. Hatimaye mume wangu amepanda juu ya paa kwa ngazi ya miti, na mabati mapya mawili. Nilimwambia baba akae kibarazani kwenye kiti chenye mgongo, asinyanyuke, nami nikaenda dukani kununua misumari iliyopungua.

Niliporudi kiti kilikuwa kitupu. Baba alikuwa amepanda ile ngazi ya miti, si chini, katikati yake, bati amelibeba kichwani, mkono mmoja ndio umeshika, anamwambia mwanawe juu kule, "Shika upande wako, wewe, si hivyo!" Binti yetu amesimama chini anapiga makofi.

Misumari ilinimwagika. Sikujua nina sauti ile.

"Baba! Shuka! Shuka sasa hivi! Hivi wewe una akili kweli? Daktari amekwambia nini? Amekwambia ngazi basi, wewe unapanda na bati! Unataka uanguke hapa mbele ya mtoto? Hujui huo moyo ninavyoujua mimi! Na wewe huko juu, unamwangalia tu baba yako! Shusha mguu! Huo mwingine! Bati nipe mimi!"

Majirani walitoka milangoni. Nilimpokea bati, nikamshika kiuno, nikamshusha ngazi moja moja, nikamkalisha, nikampima mapigo huku bado namsema. Alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Akavuta pumzi, akainua uso kwenye paa, na kwa ile sauti ya sokoni inayosikika mtaa mzima akamwambia mume wangu:

"Ukimaliza hapo, kesho nenda ukalete kitanda changu! Nimeshapata nyumba!"

Mimi nilikuwa bado napiga kelele.